Miji ya pwani: fedha za baraza zianzie ufukweni, mitaroni au kwenye ukuta wa bahari? Tulinganishe

Mkaazi_Mwambao

Wakuu, salaam.

Malalamiko ya watu wanaoishi miji ya pwani yanafanana popote utakapokwenda. Gari la taka halikosi barabara ya ufukweni, ila mitaa ya nyuma ni mpaka watu wapige kelele. Chemba zinafurika, mvua kidogo tu barabara haipitiki, barua ya mwananchi haijibiwi, lakini kibali cha ghorofa jipya linaloziba upepo wa mtaa mzima kinatoka upesi. Ukiuliza unaambiwa fedha hazitoshi. Haya, hazitoshi. Basi hizo chache zilizopo zianzie wapi?

Kwa jinsi ninavyoona, mabaraza ya miji ya pwani yanavutana kati ya njia tatu.

Ya kwanza ni ufukwe kwanza: barabara ya kutembelea kando ya bahari, taa, bustani, mnara au jengo la kuvutia macho. Hoja yake ni kwamba wageni waje, walete fedha, na fedha hizo zitengeneze mengine baadaye.

Ya pili ni mitaro, majitaka na taka kwanza. Mji ufanye kazi kwa wanaoishi ndani yake, wageni watakuta nyumba imefagiliwa.

Ya tatu ni kinga ya bahari kwanza, kwa sababu ukingo ukiliwa na mawimbi, hizo mbili za mwanzo hazina pa kukaa.

Mimi naegemea ya pili, na nasema mapema ili mjue nimesimama wapi. Tatizo langu na njia ya kwanza ni lile neno "baadaye". Angalieni Brighton, Uingereza. Mnara wa kutazamia uitwao i360 ulifunguliwa ufukweni Agosti 2016, na sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mkopo wa karibu pauni milioni 36 uliopitia baraza la mji. Matarajio yalikuwa wageni walipe mkopo na mji ubakiwe na faida. Wageni hawakufika idadi iliyopigiwa hesabu, riba ikalimbikizana, kampuni ikafilisika mwishoni mwa 2024, na baraza likaishia kufuta deni la karibu pauni milioni 51. Fedha hizo zingebadilisha mitaa mingapi?

Nataka kusikia wenye mawazo tofauti, hasa mliofanya kazi ndani ya mambo haya.

Salma_Mapokezi

Mkaazi, nimekusoma vizuri, lakini mfano wako haunishawishi. i360 ulikuwa mradi mmoja wa biashara uliobeba deni kubwa. Ufukwe ni kitu kingine. Ufukwe ndio uwanja pekee wa bure ambao mtu wa kipato cha chini na tajiri wanakaa pamoja. Watoto wa mitaa ya nyuma wanacheza wapi jioni? Mzee anayetakiwa na daktari atembee kila siku anatembea wapi? Ukisema taa za ufukweni ni za wageni, unawasahau wanawake wanaotoka kazini usiku na kupita njia hiyo hiyo.

Nafanya kazi ya mapokezi hotelini. Msimu ukiwa mbaya, wa kwanza kupunguzwa ni wafua mashuka, wapishi wasaidizi, walinzi, na hao wote wanaishi mitaa ya nyuma unayoitetea. Kwa hiyo ufukwe mbovu nao ni njaa ya mtaa wa nyuma.

Tena kuna mji uliojengwa juu ya ufukwe wake na ukasimama. Benidorm, Hispania, ulikuwa mji mdogo wa wavuvi. Mwaka 1956, chini ya meya Pedro Zaragoza, walipitisha mpango wa mji mzima: barabara pana, nafasi kati ya jengo na jengo, na baadaye maghorofa marefu badala ya kutawanya nyumba ovyo kando ya pwani yote. Mtu anaweza asipende sura yake, lakini mpango ulitangulia, hoteli zikafuata. Mimi nadhani kinachoangusha miji mingi ni kujenga ufukweni bila mpango, na hapo lawama si ya ufukwe.

Fundi_Majitaka

Dada Salma, umesema kweli kuhusu mpango. Niruhusuni niseme kidogo habari za chini ya ardhi, maana nimefanya kazi ya mabomba ya majitaka pwani kwa miaka mingi, na naona wengi wanajadili mji kama vile unaishia kwenye lami.

Mji wa pwani una shida ambayo mji wa mlimani hauna: ni tambarare. Majitaka hutembea kwa mteremko. Pasipo na mteremko unahitaji vituo vya pampu, na pampu inahitaji umeme, akiba ya jenereta, vipuri na mtu wa kuikagua kila siku. Pampu moja ikisimama, chemba zote zilizo juu yake zinaanza kujaa, na ya kwanza kufurika ni ile iliyo mahali pa chini kabisa. Nyumba za kodi nafuu ziko mahali pa chini. Ndiyo maana malalamiko hutoka mitaa ile ile kila mara.

Pili, maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso. Bomba la zamani lenye nyufa linavuta maji ya chini, hata maji ya chumvi. Unajikuta unasukuma kwa pampu maji ambayo hakuna aliyeyatumia. Chumvi inakula vyuma. Majitaka yakikaa sana bombani kwa sababu hayakimbii, yanatoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo inageuka asidi na kula zege kutoka ndani. Barabara inadidimia ghafla na watu wanasema lami ilikuwa mbaya, kumbe ni bomba lililo chini yake.

Tatu, mitaro ya mvua. Mdomo wa mtaro uko baharini. Mvua kubwa ikikutana na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mtaro hauna pa kumwaga. Kama mdomo wake hauna mlango wa kufunga wa njia moja, bahari yenyewe inapanda ndani ya mtaro na kutokea mtaani. Nimeona mitaro ikichimbwa upya kwa gharama kubwa bila mtu kuuliza kina cha maji siku ya bamvua. Mfereji mpya, mafuriko yale yale.

Nne, msimu. Bomba lilipigiwa hesabu ya wakaazi. Msimu wa wageni watu wanaongezeka sana, taka zinaongezeka, maji machafu yanaongezeka, lakini magari ya taka na wafanyakazi ni wale wale. Baraza linatumia idadi ya sensa kupanga huduma, na sensa haimhesabu mgeni wa wiki mbili kama mkaazi.

Tano, na hii inaniumiza zaidi: kuna nyumba na majengo makubwa yaliyounganisha choo kwenye mtaro wa mvua kwa siri kwa sababu laini ya majitaka iko mbali au imejaa. Hayo yanakwenda moja kwa moja ufukweni. Kwa hiyo, dada, ufukwe wako na mtaro wangu ni bomba moja.

Ukitaka mfano, ni Durban, Afrika Kusini. Mafuriko ya Aprili 2022 yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, ulipo mji huo, na kuharibu mabomba na mitambo ya kusafisha majitaka. Mji ule una moja ya fukwe zilizotunzwa vizuri Afrika, lakini fukwe zilifungwa kwa miezi kwa sababu ya vijidudu vya kinyesi kwenye maji. Taa na matofali ya kutembelea vilikuwepo, bustani ilikuwepo, na watu hawakuruhusiwa kuogelea.

Kaskazi

Fundi, asante sana. Hiyo ya tano kila mtu anaijua na hakuna anayeisema kwenye vikao.

Upepo_wa_Kusi

Mmeiacha njia ya tatu peke yake, acha niisemee.

Kinga ya bahari si kitu kimoja. Kuna kuta, kuna kujaza mchanga, kuna kurudisha mimea, na kuna kuhama. Baraza likisema "tunajenga kinga", uliza ipi, maana matokeo yanatofautiana kabisa.

Ukuta wa zege unalinda kilicho nyuma yake. Malé, mji mkuu wa Maldivi, ulijaa maji ya mawimbi makubwa mwaka 1987, kisha ukazungushiwa kuta na mawe ya zege kwa msaada wa Japani. Tsunami ya 2004 ilipofika, kuta zile zilipunguza madhara kwa kiasi kikubwa. Kwa Malé hakukuwa na mjadala: mji umejaza kisiwa chote, hakuna pa kurudi nyuma.

Lakini ukuta haulindi ufukwe. Wimbi likiugonga linarudi na nguvu na kuchota mchanga ulio miguuni pake. Baada ya muda una ukuta na bahari, ufukwe haupo. Na mchanga ambao ungesafiri na mkondo kwenda kwa jirani umekatwa, kwa hiyo jirani anaanza kuliwa na yeye anajenga ukuta wake. Hoteli moja ikijijengea, hoteli inayofuata inalazimika. Hapa ndipo baraza linapotakiwa kuwa na sauti, kwa sababu ukanda wote ni mfumo mmoja wa mchanga na hauwezi kuamuliwa kiwanja kwa kiwanja.

Waholanzi walijaribu kinyume chake. Mwaka 2011 walimwaga mchanga kiasi cha mita za ujazo milioni 21.5 mahali pamoja kwenye pwani ya Delfland, wakaacha upepo na mkondo viusambaze vyenyewe kwa miaka. Wanauita Zandmotor. Ni wazo zuri, lakini linataka meli za kuchota mchanga, fedha za taifa na taasisi inayopima pwani kila mwaka. Baraza la mji mdogo haliwezi peke yake.

Halafu kuna ukweli mgumu wa Fairbourne, kijiji cha pwani huko Wales. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 baraza la Gwynedd, linalosimamia eneo hilo, liliridhia mpango wa kwamba ulinzi wa bahari hautaendelezwa kwa muda mrefu, na kwamba kufikia miaka ya 2050 watu wawe wamehama. Bei za nyumba zikaanguka mara moja, mikopo ya nyumba ikawa shida, na watu wakabaki wanaishi mahali palipopewa tarehe ya mwisho. Sikilizeni vizuri: kilichowaumiza kwanza ni tangazo lililotoka bila mpango wa fidia wala mahali pa kwenda. Bahari bado haijawafikia.

Kwa hiyo mimi nasema kinga ya bahari ije mapema kwenye mipango, lakini isije mapema kwenye zege. Pima kwanza, tunza mikoko na matuta ya mchanga yaliyopo, zuia uchimbaji wa mchanga, zuia majengo yasisogee majini. Hayo yanahitaji usimamizi zaidi ya fedha.

Mjumbe_wa_Mtaa

Hapo kwenye majengo kusogea majini ndipo pananichoma. Sheria zipo. Hispania, Sheria ya Pwani ya 1988 ilitamka kwamba ufukwe ni mali ya umma, ikaweka njia ya mita 6 ya watu kupita kwa miguu kando ya bahari, na ukanda wa ulinzi wa mita 100 nyuma yake, ambao kwenye maeneo yaliyokwisha kuwa mji unapungua. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka baharini. Ukienda pwani nyingi duniani unakuta ukuta, mlinzi na mbwa.

Mkaazi akifungua kibanda ndani ya hizo mita, kinavunjwa wiki hiyo hiyo. Jengo la ghorofa likifika ndani ya mita hizo hizo, linapata kibali maalumu. Hili ndilo linalowavunja watu moyo kuliko hata taka. Taka ni uzembe, unaweza kuuvumilia. Hii ni dhuluma.

Mimi ningeongeza njia ya nne kwenye orodha ya Mkaazi: vibali kwanza. Haihitaji bajeti kubwa. Jengo jipya lisipewe kibali mpaka ionyeshwe kwa namba kwamba bomba la mtaa na kituo cha pampu vinaweza kubeba maji yake machafu. Kama haviwezi, mwenye jengo achangie kuongeza uwezo kabla ya kuweka tofali la kwanza.

Fundi_Majitaka

Mjumbe, hiyo ya kuonyesha namba ningeipigia kura leo. Ofisi nyingi haziulizi.

Bibi_Hesabu

Wanangu, nimewasikia wote. Nimekaa miaka mingi kwenye uhasibu wa umma kabla ya kustaafu, na swali langu ni moja: fedha inatoka wapi, na ikiingia inakwenda mfuko gani?

Salma anasema wageni wanaleta fedha. Ni kweli, lakini fedha ya mgeni inaingia hotelini, kisha kodi kubwa inakwenda serikali kuu. Baraza linalozoa taka za mgeni huyo linapata sehemu ndogo. Ndiyo maana miji mingi imeanza kutoza wageni moja kwa moja.

Venice walianza Aprili 2024: mgeni wa kutwa asiyelala mjini alilipa yuro 5 kwa siku zilizopangwa. Mwaka uliofuata siku zikaongezwa, na anayechelewa kujiandikisha akalipa yuro 10. Wengi walidhani itapunguza msongamano. Haikupunguza sana, bei ni ndogo kwa aliyekwisha safiri. Iliingiza fedha, lakini uendeshaji wake nao una gharama.

Visiwa vya Balearic, Hispania, walifanya tofauti. Walianza tozo mwaka 2002, serikali ikabadilika, ikafutwa 2003. Wakairudisha Julai 2016 kwa anayelala hotelini, kwa kila usiku. Ninachokipenda ni kwamba sheria yenyewe ilitaja matumizi: mazingira, maji, urithi wa kale, na kadhalika. Huwezi kuichota kirahisi kulipia safari za viongozi.

Basi tozo ya wageni naikubali kwa sharti moja tu, iwe na akaunti yake na matumizi yake yatajwe kwenye sheria ndogo yenyewe. Ikiingia kwenye mfuko mkuu, mmeipoteza. Nimeona tozo za kila namna zikizaliwa kwa jina la usafi, zikamezwa na posho.

Na jambo jingine, tofautisheni fedha ya maendeleo na fedha ya matumizi ya kawaida. Kujenga kituo cha pampu ni maendeleo, mfadhili anaweza kukilipia. Kulipa umeme wa pampu hiyo na mshahara wa fundi ni matumizi ya kawaida, na hakuna mfadhili anayependa kulipia hayo. Mabaraza yanapokea majengo ambayo hayawezi kuyatunza. Mnara unajengwa mara moja, lakini choo cha umma kinajengwa kila siku kwa sabuni na mfagizi.

Salma_Mapokezi

Bibi, shikamoo. Hilo la mwisho nimeliishi. Vyoo vya ufukweni vinafunguliwa kwa sherehe, halafu vinafungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna aliyepangiwa mshahara wa kuvisafisha. Wageni wanakuja kuomba choo hotelini, na wakaazi wasiothubutu kuingia hotelini wanajibana au wanaenda nyuma ya miti.

Baada ya maelezo ya Fundi, nafasi yangu ni hii: ufukwe ubaki kwenye bajeti, lakini kwa matunzo. Vyoo, mapipa, taa zinazowaka, njia za wenye ulemavu, waokoaji. Miradi mikubwa ya kuvutia macho isubiri mpaka maji yapimwe na majibu yawe safi. Kuna alama ya Bendera ya Buluu, iliyoanzia Ufaransa mwaka 1985. Haitolewi kwa uzuri wa macho tu, vipimo vya vijidudu kwenye maji ya kuogelea ni sharti. Hoteli zinaitamani sana hiyo bendera. Mkitaka wenye hoteli wawe upande wenu kwenye suala la majitaka, anzieni hapo.

Mkaazi_Mwambao

Dada Salma, wenye hoteli kuwa washirika ni hoja ambayo sijawahi kusikia ikitolewa kwenye kikao chochote cha wakaazi. Wao wana masikio ya wakubwa.

Sasa tuseme tumekubaliana kwamba mitaro, majitaka na vibali ndivyo vitangulie. Baraza likikataa kusikia, njia ipi ya kulisukuma inazaa matunda? Barua? Maandamano? Mahakama? Bajeti shirikishi?

Sheria_Mkononi

Niko na mifano miwili ya mahakama, yote ya majitaka na yote ya pwani.

Boston, Marekani. Mwaka 1982 mwanasheria wa mji jirani wa Quincy, William Golden, alikuwa akikimbia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akagundua kwamba anachokanyaga ni kinyesi. Mji wake ukaishtaki mamlaka iliyokuwa ikimwaga majitaka bandarini. Kesi ikakua, ikaingia mahakama ya shirikisho, mamlaka mpya ya majitaka ikaundwa, na jaji David Mazzone akawawekea ratiba ya ujenzi na kuisimamia mwaka baada ya mwaka. Mtambo mpya ukajengwa kisiwa cha Deer, na mwaka 2000 likafunguliwa handaki la kilomita 15 linalopeleka maji yaliyosafishwa mbali baharini. Bandari iliyokuwa aibu ya nchi, watu wanaogelea. Gharama yake ilikuwa bili za maji kupanda sana, na wakaazi walilalamika kweli.

Ghuba ya Manila, Ufilipino. Wakaazi 14 walifungua kesi Januari 1999 dhidi ya idara za serikali zilizoacha ghuba ioze. Desemba 2008 Mahakama ya Juu ikaamuru idara hizo zisafishe ghuba, na zilete taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi mitatu. Hilo la taarifa ndilo lenye nguvu. Hukumu ya kawaida inatolewa na kuwekwa kabatini, hii iliendelea kuwaita mezani.

Kwa hiyo mahakama inafaa pale mnapokuwa na jambo moja linalopimika. "Huduma ni mbovu" haisimami mahakamani. "Vipimo vya maji mahali fulani vimevuka kiwango, na sheria inakupa wewe wajibu wa kuzuia" inasimama.

Kaskazi

Sheria, malizia basi habari ya Manila. Kesi miaka karibu 10, na utekelezaji wa nguvu ulianza 2019. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, walimwaga dolomiti, aina ya mawe meupe, iliyosagwa kutoka kisiwa cha Cebu ili kutengeneza ufukwe mweupe mbele ya mji. Wanasayansi wa bahari wa Chuo Kikuu cha Ufilipino wakasema wazi kwamba haitibu uchafu wa ghuba. Unaona? Hata ukiwa na hukumu mkononi, mtawala anaweza kukukwepa kwa rangi nyeupe kwa sababu inaonekana kwenye picha.

Sheria_Mkononi

Ni kweli, na sibishi. Ila bila hukumu ile kusingekuwa na kipimo cha kumwambia kwamba mchanga mweupe si usafi wa maji.

Mjumbe_wa_Mtaa

Mimi naamini zaidi bajeti shirikishi. Porto Alegre, Brazili, walianza mwaka 1989: wakaazi wa kila eneo wanakaa, wanapanga vipaumbele, wanachagua wajumbe, na wajumbe wanafuatilia mpaka mradi unakwisha. Nyumba zilizounganishwa na maji na majitaka zilipanda kutoka asilimia 75 mwaka 1988 hadi 98 mwaka 1997. Watu wakipewa kalamu hawaandiki mnara, wanaandika bomba.

Kaskazi

Na 2017 meya wa Porto Alegre akausimamisha utaratibu huo. Sisemi haufai, nasema uliishi kwa hisani ya walio madarakani. Kama haukuandikwa kwenye sheria yenye meno, unakufa siku uchaguzi unapobadilisha chama.

Bibi_Hesabu

Kaskazi, ulichosema ni sahihi, lakini miaka 28 ya bomba zilizounganishwa haikufutwa na meya huyo. Mabomba yapo chini. Hilo ndilo zuri la kuanza na mabomba.

Chipukizi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote. Mimi ni kijana, kikao cha bajeti kikiitishwa nitakwenda kwa mara ya kwanza. Nisimame niulize nini? Nikisema majitaka watanijibu "tunalifanyia kazi" na nitakaa chini.

Fundi_Majitaka

Marahaba kijana. Usiulize majitaka kwa ujumla. Uliza vituo vya pampu viko vingapi, vingapi vinafanya kazi leo, na kila kimoja kilisimama saa ngapi mwezi uliopita. Kila kituo kinatakiwa kuwa na daftari lake. Wakisema daftari halipo, hilo lenyewe ni jibu, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Halafu uliza maji ya ufukweni yanapimwa na nani, mara ngapi, na majibu yanabandikwa wapi.

Mjumbe_wa_Mtaa

Ongeza hili: omba orodha ya vibali vya ujenzi vilivyotolewa mwaka huu ndani ya ukanda wa pwani, na kwa kila kimoja, majitaka yake yataunganishwa wapi. Usiende peke yako. Nendeni watu kumi kutoka mitaa tofauti, kila mmoja na swali lake moja, ili mwenyekiti asiweze kuyafunga yote kwa jibu moja.

Bibi_Hesabu

Na mimi nakupa mawili, mwanangu. La kwanza: kwenye kitabu cha makadirio, tafuta fungu la matengenezo ya mitaro na majitaka, ulinganishe kilichotengwa mwaka jana na kilichotumika kweli. Mara nyingi utakuta kilichotengwa ni kingi na kilichotumika ni kidogo, na tofauti imehamishiwa fungu jingine katikati ya mwaka. Waombe wataje limehamishiwa wapi na kwa idhini ya kikao gani. La pili: kwa kila mradi mpya wa ufukweni, uliza gharama ya kuutunza kwa mwaka imewekwa kwenye fungu namba ngapi. Andika namba hiyo, na mwaka ujao rudi nayo.